Yategemea Maji

"Bibi, kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, maumivu yako ni ngapi?"

Bibi alimtazama muuguzi, akatazama tangazo la chanjo ukutani, akamrudia muuguzi. "Yategemea maji, mwanangu."

Muuguzi alicheka kidogo, kwa adabu. Foleni ya kituo kile cha afya, pwani ya mashariki ya Unguja, ilikuwa imeshafika chini ya mkungu. Akaeleza upya: sifuri ni hakuna kabisa, kumi ni makali kuliko yote uliyowahi kuyapata. Bibi, mkulima wa mwani, akasema bamvua likiwepo, maji yanapotoka mbali na kazi ikawa nyingi, kiuno chakatika, likiondoka chapoa siku mbili tatu, kisha chaanza kukaza hata akiwa amekaa tu. Akapapasa upande wa nje wa goti na kuongeza kwamba usiku mguu wa kushoto wawaka moto mpaka dole gumba, na pale panapokaa ukanda wa ndara "pana ganzi, kama si pangu".

Kwenye fomu iliandikwa: 7.

Akatoka na vifuko viwili. Parasetamo, 2×3. Diklofenaki, 1×3.

Wiki kadhaa sasa jibu lile linanirudia, kwa kuwa kila nikilipima naliona lina habari nyingi kuliko swali. Kwa maneno mawili bibi alishasema kwamba maumivu yake yanafuata kazi, yana mzunguko, yana siku za nafuu, na kwamba mapumziko yakizidi nayo yanamkakamaza. Kisha akataja, bila kuulizwa, alama za mshipa wa fahamu uliobanwa. Vyote hivyo viliingia kwenye kisanduku chenye nafasi ya tarakimu mbili.

## Saba ya nini?

Namba ina kazi yake, tusiionee. Mtu aliyepasuliwa asubuhi, akasema nane saa sita na nne saa nane, ametupa habari ya maana: dawa imefika. Watafiti wa vipimo walionyesha kwamba kushuka kwa alama mbili, au kama asilimia 30, ndiko ambako wagonjwa wenyewe hukuita nafuu. Kwa maumivu ya ghafla, yenye sababu inayoonekana, mtu akilinganishwa na nafsi yake ya saa mbili zilizopita, sijui chombo chepesi kuliko hicho.

Shida huanza namba ikihamishwa hapo.

Marekani, miaka ya 1990, ilipigwa kampeni maumivu yahesabiwe kuwa ishara ya tano ya uhai, sambamba na joto, mapigo ya moyo, pumzi na presha. Nia ilikuwa njema, kwa sababu wagonjwa wengi walikuwa wakiachwa waumie. Lakini kilichopimwa kwa namba kikatibiwa kwa namba, na dawa za jamii ya afyuni zikamiminwa hadi kwa watu wenye migongo ya miaka kumi. Mwaka 2016 chama kikuu cha madaktari wa nchi hiyo kilitaka wazo la ishara ya tano liachwe. Maelfu kwa maelfu walikuwa wameshakufa kwa dawa hizo.

Kumbe njia nyengine ilikuwepo kitambo. Mwaka 1975, Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, alitoa dodoso lililojengwa kwa maneno ambayo watu huyatumia wanapoelezea maumivu. Maneno 78, makundi 20. Mgonjwa huchagua yanayomhusu, na mara nyingi aina ya ugonjwa huanza kujichora yenyewe: jino lina maneno yake, uchungu wa uzazi una yake, mguu uliokatwa lakini bado unauma una yake.

Sasa jiulize maneno hayo kwa Kiswahili cha huku yangekuwa mangapi.

## Kinachowanga na kinachonyonyota

Kichwa huwanga. Jipu hupwita. Tumbo husokota. Kidonda kikiguswa na ndimu hunyonyota. Koo hukereketa. Ubavuni huingia kichomi. Kiuno hukatika, mguu huvuta, viganja huchomwa na vijisindano, na mtu aliyekaa vibaya barazani huinuka na mguu uliokufa ganzi.

Hayo si mapambo ya lugha. Kinachopwita huuma kwa mdundo, na kinachouma kwa mdundo mara nyingi ni uvimbe uliobanwa mahali pasipo na nafasi: usaha chini ya jino, jipu lisilopasuka. Kinachosokota huja kwa mawimbi, kikaachia, kikarudi, na mgonjwa hujigeuza geuza asipate mkao. Hiyo ndiyo tabia ya kiungo chenye uwazi ndani kinachojikamua, kama utumbo, mrija wa figo wenye jiwe, au tumbo la uzazi. Aliyepasukiwa na kidole-tumbo hadi fumba la tumbo likachafuka hufanya kinyume chake: hulala kimya, hataki hata kitanda kitikiswe. Daktari mzoefu huyasoma hayo kabla hajagusa tumbo.

Na kuna kundi la moto, shoti na sisimizi.

Mwaka 2005 watafiti wa Kifaransa walitoa kipimo kifupi cha kutambua maumivu yanayotokana na mshipa wa fahamu wenyewe kuumia. Kinaitwa DN4, na kina mambo kumi. Saba ni ya kuuliza: je, panachoma? Pana baridi inayouma? Panapiga kama shoti ya umeme? Panatambaliwa? Panachomwa vijisindano? Pana ganzi? Panawasha? Matatu ni ya kupima kwa mkono: mguso mwepesi unahisiwa kidogo kuliko upande wa pili? Ncha ya kitu chenye makali inahisiwa kidogo? Kupapaswa kwa pamba kunaamsha maumivu? Kila ndiyo ni alama moja. Zikifika nne, shuku mshipa wa fahamu.

Bibi alikuwa na mbili mkononi kabla ya mtu yeyote kumuuliza. Moto na ganzi.

Hapa nilifurahi mapema, kwa siku kama tatu hivi. Nikaona dawa ya tatizo ni kuandika maneno badala ya namba, basi. Kisha nikaanza kuyahesabu maneno yanayodanganya. "Ganzi" wengine huita uzito tu wa mkono uliobeba ndoo. "Mshipa" ndio usiseme: ngiri ni mshipa, kano ni mshipa, mrija wa damu ni mshipa, mshipa wa fahamu ni mshipa, na yuko anayesema "nina mshipa" akikusudia yote kwa pamoja. "Baridi yabisi" imebeba kila kiungo kilichowahi kuuma tangu enzi za mababu. Neno hufungua mlango wa swali, halimalizi. Mtu akisema ganzi, la kufuatia ni: shuka likipita hapo unalisikia? Ndara ikivuka unajua imevuka? Anayepoteza ndara njiani bila kujua ana ganzi ya kweli, na ikiwa ni miguu yote miwili kama soksi, apimwe sukari siku hiyohiyo.

## Ngoma iliyooteshwa moto mno

Gonga dole gumba kwenye nanga. Kwanza huja mchomo mkali, wa papo hapo. Halafu, baada ya pumzi moja, huja lile la pili: zito, lenye joto, linaloenea. Ni nyuzi mbili tofauti zinazopeleka habari. Zenye utando mwembamba husafiri mita 5 hadi 30 kwa sekunde, na zisizo na utando hutambaa kama mita moja tu. Kutoka doleni hadi kiunoni ni kama mita moja, kwa hiyo unaweza kuihesabu pumzi hiyo kwa saa ya mkononi.

Kwenye ncha za nyuzi hizo kuna milango midogo inayosikia joto kuanzia nyuzi kama 43 za Selsiasi. Mlango huohuo hufunguliwa na pilipili, ndiyo maana kinywa husema moto wakati hakuna moto. David Julius na wenzake waliutambua mwaka 1997, na mwaka 2021 yeye na Ardem Patapoutian wakapewa Nobel. Karafuu nayo inaingia humo. Eujeno, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yanayokamuliwa kwa mvuke kule Wawi, Pemba, kutokana na makonyo, huugusa mlango huo, na pia hupunguza nguvu ya nyuzi kupeleka habari. Kipamba chenye tone la mafuta ya karafuu kwenye jino lililotoboka kweli kinatuliza. Hakikaushi usaha, na mafuta yasiyochanganywa huunguza ufizi.

Mwaka 1965 Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya lango: habari za mguso zikifika kwenye uti wa mgongo huweza kuzizuia za maumivu zisipite zote. Mama anayemchua mtoto goti alilogonga analitumia lango hilo. Mkandaji pia.

Hadi hapo, maumivu na jeraha vinakwenda pamoja. Kilichobadilisha fikra za watafiti ni pale vinapoachana.

Mwaka 1944, huko Anzio, Italia, daktari wa Kimarekani Henry Beecher aliwauliza askari waliojeruhiwa vibaya kama wanataka dawa ya maumivu. Karibu robo tatu walisema hapana. Kwao jeraha lilikuwa na maana ya kurudi nyumbani hai. Kwa upande wa pili, mwaka 1983, Clifford Woolf alionyesha kwa wanyama wa maabara kwamba baada ya jeraha uti wa mgongo wenyewe hubadilika: mguso uliokuwa si kitu sasa unaamsha mwitiko wa maumivu, na eneo lake linatanuka kupita pale palipoumia.

Ngoma ndiyo inayonisaidia kuelewa hili. Kabla ya kuchezwa huoteshwa moto ngozi ikakaza. Ikikazwa mno, ukucha tu ukipita hutoa sauti ya kofi. Mpigaji hajapiga kwa nguvu, na ngozi haijachanika. Mwaka 2017 chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu kiliyapa jina maumivu ya aina hii, nosiplastiki: hakuna jeraha linaloendelea, hakuna mshipa uliokatika, lakini mfumo mzima unasikia zaidi ya inavyopasa. Usingizi mbovu huikaza ngoma. Hofu huikaza. Msiba, madeni, mtoto aliyepotelea ulevini, vyote.

Chama hichohicho, mwaka 2020, kilirekebisha maana rasmi ya maumivu na kuambatanisha maelezo. Moja linasema kauli ya mtu kwamba ana maumivu iheshimiwe. Ni sentensi fupi, na ingefaa ibandikwe pale kwenye tangazo la chanjo.

Maana kuna kauli moja huku inayoua nusu ya matibabu: "anajitia". Mtu akiambiwa picha haina kitu, wa nyumbani husikia kwamba alikuwa akisingizia. Yeye mwenyewe pia huanza kujishuku, au hujikaza kwa jina la subira hadi siku aanguke. Nikijaribu kuandika kwamba maumivu yanaweza kuwepo bila jeraha, najua kuna msomaji atakayelitumia hilo dhidi ya mama yake. Sijapata sentensi isiyoweza kupotoshwa.

## "Pingili zimesagika"

Kauli ya pili mbaya hutoka upande wa pili wa meza. Mtu ana kiuno, amechanga pesa, amepiga picha ya mashine kubwa, na anasomewa: pingili zimesagika, diski imetoka.

Mwaka 2015 yalitolewa majumuisho ya tafiti 33 za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, waliopigwa picha hivyohivyo. Wenye diski (mito laini baina ya pingili) zilizochakaa walikuwa asilimia 37 kwa umri wa miaka 20, asilimia 80 kwa umri wa miaka 50, na asilimia 96 kwa umri wa miaka 80. Diski iliyotuna ilionekana kwa asilimia 30 ya vijana wa miaka 20 wasiolalamika kitu.

Ni mvi za ndani.

Picha ina mahali pake, na nitafika. Lakini mwanamke wa miaka 60 aliyeambiwa mgongo wake umesagika hushika kila kitu kwa woga. Hainami, hanyanyui, analala chini mchana, misuli inakonda, na baada ya miezi mitatu kiuno chake kweli hakiwezi kazi. Miezi mitatu ndiyo mpaka ambao vitabu vinautumia kuyaita maumivu sugu. Ni mpaka wa kalenda tu. Hakuna kinachogeuka usiku wa siku ya 90. Ila ni muda ambao nyama nyingi zilizochanika huwa zimeshaungana, kwa hiyo yanayobaki yanahitaji maelezo mengine.

## Hesabu ya vifuko viwili

Parasetamo ya miligramu 500, 2×3, ni gramu 3 kwa siku. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni gramu 4, na kwa aliye chini ya kilo 50 au mwenye ini dhaifu ni pungufu. Diklofenaki ya miligramu 50, 1×3, ni 150, ambacho tayari ni kilele chake. Kwenye karatasi mambo yako sawa.

Mambo huharibikia dukani. Kuna vidonge vya mchanganyiko, miligramu 50 za diklofenaki na 500 za parasetamo ndani ya kimoja, vinavyouzwa kimoja kimoja kwa jina jengine. Jirani akimpa bibi hivyo, naye akameza vitatu kwa siku juu ya vile vya kituo, amefika gramu 4.5 za parasetamo na miligramu 300 za diklofenaki bila kujua kuwa dawa ni zilezile. Soma maandishi madogo nyuma ya karatasi ya vidonge, usisome jina kubwa la mbele.

Kama bibi ana presha, na wengi wa rika lake wanayo, hatari iko karibu zaidi. Dawa za kundi la losatani au kaptopili, pamoja na dawa ya kukojoa, pamoja na diklofenaki, huibana figo kwa pande tatu. Ongeza saa nne juani bila maji ya kunywa. Tumbo nalo: choo cheusi kama lami ni damu, na aache kidonge siku hiyo aende hospitali.

Ramadhani ina mtego wake. 1×3 haiingii kwenye usiku mmoja kwa urahisi, kwa hiyo vidonge hurundikwa baina ya futari na daku. Parasetamo isizidi gramu moja kwa mara, na baina ya mara na mara zipite angalau saa nne. Diklofenaki imezwe na chakula, siyo kwa funda la maji dakika ya mwisho kabla ya adhana.

Na sindano. Watu huidai, hujiona hawajatibiwa bila hiyo. Kwa anayeweza kumeza haina faida ya kutosha kufidia hatari yake, kwani ikichomwa vibaya makalioni huweza kuugusa mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu na kuacha unyayo ukining'inia. Homa yenye maumivu ya viungo wakati wa dengi ni habari nyengine tena: hapo ni parasetamo peke yake. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu.

Kwa kiuno kibichi, cha siku chache, parasetamo yenyewe ilijaribiwa Australia kwa watu zaidi ya 1,600, matokeo yakatoka mwaka 2014. Haikuharakisha kupona kuliko kidonge bandia, yaani kile cha majaribio kisicho na dawa ndani. Nchini humohumo, mwaka 2023, dawa ya jamii ya afyuni ilijaribiwa kwa kiuno na shingo za ghafla, nayo haikuishinda bandia. Wanaotafuta tramado, nayo ya jamii hiyohiyo, kwa kiuno wayajue hayo kabla ya kutafuta muuzaji.

## Nilipokwama

Tuseme fomu ingeandikwa vizuri. Kiuno cha kazi, pamoja na mshipa wa fahamu wa mguu wa kushoto. Dawa ingebadilika?

Kwa miguu inayowaka kwa sababu ya sukari, ndiyo. Amitiriptilini kidogo, miligramu 10 hadi 25 usiku, husaidia baadhi ya watu. Hukausha mdomo, huleta kizunguzungu cha kuinuka, na kwa mzee mwenye shida ya kibofu au presha ya macho si ya kuanza ovyo. Inahitaji wiki kadhaa kabla ya kuhukumiwa.

Lakini mguu wa bibi ni wa kubanwa kiunoni. Mwaka 2017 pregabalini, mojawapo ya dawa zinazosifiwa zaidi kwa mishipa ya fahamu, ilijaribiwa Sydney kwa watu 209 wenye maumivu ya mguu ya aina hii. Baada ya wiki nane haikupunguza maumivu kuliko kidonge bandia. Kizunguzungu ndicho kilichoongezeka.

Basi kutofautisha kote huko kwa faida gani?

Niliiacha makala hapa kwa siku kumi.

Nilichokiona baadaye ni kwamba nilikuwa nimerudia kosa la fomu. Nilikuwa nautafuta mstari wa kwenda kwenye kidonge. Kujua kwamba ni mshipa uliobanwa kunabadilisha mengine. Unajua kwamba wengi wa namna hii hupata nafuu kwa wiki hadi miezi, na unamwambia. Unajua kuzidisha diklofenaki hakutauzima moto ule, kwa hiyo unaacha kuzidisha. Unajua asikande kwa maji ya moto pale penye ganzi, maana hatosikia ngozi ikiungua. Na unajua kitu gani kikitokea akimbizwe.

## Siku za maji mafu

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu kiuno sugu unapendekeza elimu, mazoezi, kuchuliwa, msaada wa kifikra, na dawa za kundi la diklofenaki kwa tahadhari. Haupendekezi mikanda ya mgongo, kuvutwa kwa mashine, wala dawa za jamii ya afyuni.

Vizuri. Ushauri wa kawaida unaofuatia ni kugawa kazi sawasawa kwa kila siku. Hapo ndipo unapogonga mwamba, kwa sababu bahari haigawi. Bamvua likija, maji yakitoka, vigingi vikionekana, mtu huinama tangu mwanzo hadi maji yarudi, siku baada ya siku. Kisha maji mafu, yasiyotoka mbali, siku nane za kukaa. Watafiti wa maumivu wana jina la mwendo wa kujipasua kwa kazi kisha kulala, na wanaona kwamba unaikaza ngoma. Wao huutafuta kwenye tabia za mtu. Kwa mkulima wa mwani uko kwenye mwezi.

Kwa hiyo kazi ya kuubadilisha haiko ndani ya bamvua. Iko kwenye maji mafu.

Siku za maji mafu apime: anaweza kuinama dakika ngapi kabla maumivu hayajapanda waziwazi? Ikiwa ni 12, aanze na 10. Mara tatu kwa siku, akifanya lolote la kuinama, kufunga taitai (vikamba vya kufungia mwani), kupepeta, kufagia uwanja. Baada ya kila siku ya tatu aongeze dakika moja au mbili. Siku nzuri asizidishe, siku mbaya asiache, apunguze nusu. Kuinuka kutoka kwenye kiti bila kushika, mara nane, mizunguko mitatu. Kutembea dakika 20 mchangani. Shabaha ni kwamba bamvua limkute mwili uko kazini tayari.

Kwenye bamvua lenyewe, kila baada ya kamba tatu asimame wima, atembee hadi kigingi cha mbali, ndipo aendelee. Kiroba kijae nusu. Maji yakianza kurudi, kiroba huelea kiasi, na kukivuta kwa kamba ndani ya maji ya magotini ni kazi ndogo kuliko kukitwika mchangani. Sitii mkazo namna "sahihi" ya kunyanyua, kwa kuwa tafiti za kuifundisha hazikuonyesha kwamba inazuia maumivu ya mgongo. Uzito na idadi ya safari ndivyo vya kupunguza.

Sala nayo ni kipimo kizuri. Wengi wakiumwa kiuno huhamia kitini, na ruhusa ipo. Wengine hubaki kitini mwaka mzima kwa hofu ya rukuu. Anayetaka kurudi aanze na rakaa mbili za sunna kwa kusimama, zilizobaki kitini, wiki ijayo aongeze.

## Dakika tatu

Kabla ya yote hayo, kuna maswali yasiyosubiri bamvua. Mkojo umeziba, au unatoka bila kujijua? Pana ganzi sehemu za siri na pale panapogusa tandiko la baiskeli? Mguu unalegea siku hadi siku? Moja tu ikiwa ndiyo, ni hospitali kubwa leo, siyo kesho, na picha ya mgongo ina kazi hapo. Homa za jioni, kukonda, kikohozi cha muda mrefu, saratani ya zamani, kuanguka kutoka juu ya mkarafuu: hizo nazo zinataka uchunguzi, na kifua kikuu cha uti wa mgongo kisisahauliwe.

Kisha, wewe uliye kituoni, mpime. Alale chali, umnyanyue mguu ulionyooka polepole. Moto ukishuka chini ya goti kabla mguu haujafika nyuzi 70, mzizi wa mshipa unavutwa. Pamba juu ya mguu wa kushoto, kisha wa kulia, akiwa amefumba macho. Njiti ya kiberiti iliyochongoka, vivyo hivyo. Mwambie ainue dole gumba huku ukilibana kwa kidole chako, la kushoto na la kulia. Atembee hatua tano kwa visigino, tano kwa ncha za vidole.

Nyuma ya fomu pana nafasi. Andika: moto hadi dole gumba, ganzi penye ukanda wa ndara, dole la kushoto linainuka sawa na la kulia au haliinuki. Tia tarehe, na kando yake uandike bamvua au maji mafu, ili atakayempokea safari ijayo awe na cha kulinganisha.